AKIBA YA UZEENI: HABARI YA KIBARUA NA DAFTARI LAKE



Ni desturi ya taarifa hii ya mwaka kukumbusha yaliyopita ili yatufae kwa yajayo. Safari hii twaandika juu ya akiba ya uzeeni, kwa kuwa hapa petu Shelly Beach wamo wazee waliovuka feri ya Likoni alfajiri miaka mingi kwenda kazini Kilindini, na si wote waliorudi na kitu.

Neno kibarua lina historia yake. Asili yake ni barua ndogo, yaani kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya kutwa kuwa ushahidi wa kazi yake. Akiisha kulipwa, hesabu imekwisha. Siku asiyoitwa hakuwa na mshahara, na siku aliyozeeka hakuwa na tajiri wa kumkumbuka.

Tarehe 13 Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 waligoma Mombasa kwa siku 12, wakidai mshahara utoshao maisha ya mjini. Dai lao lilikuwa la leo, lakini la kesho lilikuwamo ndani yake, kwani asiyepata cha kula hana cha kuweka. Serikali ya kikoloni ilizoea kudhani kwamba Mwafrika akizeeka atarudi kwao shambani alelewe na jamaa zake. Katika mwaka wa 1954 Halmashauri ya Carpenter ilikiri kwamba mfanyakazi hatulii mjini bila mambo manne: mshahara wa kumtosha na watu wake, kazi ya kudumu, nyumba ya kukaa na jamaa yake, na salama ya uzeeni.

Baada ya Uhuru, sheria ya mwaka wa 1965 iliunda Hazina ya Kitaifa ya Hifadhi ya Jamii, yaani NSSF. Mfanyakazi alikatwa sehemu ya mshahara, na tajiri akatia kiasi kama hicho. Lakini mafao yalilipwa kwa mkupuo, na fedha za mkupuo huita wageni wengi. Tena kwa miaka mingi mchango ulisimama shilingi 200 kwa kila upande, huku bei za vitu zikipanda. Sheria ya mwaka wa 2013 iliweka asilimia 6 kwa kila upande, na malipo ya kila mwezi uzeeni. Ila kwa ajili ya kesi, michango hiyo ilianza kukatwa Februari 2023.

Wazee wengine waliweka akiba yao katika nyumba ya kupangisha. Ni busara, maana kodi huja kila mwezi. Lakini desturi ya Mombasa ya kujenga juu ya ardhi ya mwingine kwa kulipia kiwanja imewaacha wengi na kuta bila hati. Wakazi wa shamba la Waitiki hapa Likoni wanaijua hofu hiyo. Walikaa miaka mingi kabla ya hati kuanza kutolewa Januari 2016.

Mwenzetu mmoja alikatwa mchango kila mwezi. Alipostaafu akaona miaka kadhaa haikuandikwa, na hakuwa ameweka hata karatasi moja ya mshahara ya kumtetea. Jasho lake lilikuwa la kweli, lakini ushahidi haukuwapo.

Basi yatupasa kujifunza kwa kibarua wa zamani, aliyekitunza kikaratasi chake mpaka jioni. Jioni yetu ni uzee. Kila mwanachama na aulize hesabu ya michango yake angali kazini, ahakikishe jina lake ni lile la kitambulisho, aandikishe mrithi wake, na ahifadhi karatasi za mshahara na za kiwanja. Mvuvi, mama muuza samaki na mwendesha bodaboda wasingoje tajiri; nao waweza kujiandikisha kwa hiari yao.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.