Pedersen na Garand: Majaribio ya Bunduki za Jeshi la Marekani

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, askari wa miguu wa Marekani bado alitumia Springfield M1903, bunduki ambayo bolti yake huvutwa kwa mkono kila baada ya risasi moja. Jeshi lilitaka bunduki inayojipakia yenyewe. Wabunifu wawili waliongoza katika kuitafuta. John Pedersen alibuni bunduki pamoja na risasi yake, yenye kipenyo cha milimita 7. John Garand, mzaliwa wa Kanada, alikuwa mtumishi wa kiwanda cha silaha cha serikali mjini Springfield, Massachusetts.

Risasi ndiyo iliyopimwa kwanza. Mwaka 1928 nguruwe waliotiwa dawa ya usingizi walipigwa risasi za vipenyo vitatu kutoka umbali mbalimbali, kisha majeraha yakachunguzwa. Ilibainika kwamba, katika umbali wa kawaida wa mapigano, risasi nyembamba zilijeruhi vikali, wakati mwingine kuliko ile nene ya milimita 7.62 iliyokuwa ikitumika. Ya milimita 7 ikapendekezwa, kwa kuwa ni nyepesi na haimsukumi sana mpigaji begani.

Kuanzia 1929, bunduki za Marekani na Ulaya zilishindanishwa Aberdeen, Maryland. Ya Pedersen ilikuwa na udhaifu mmoja mkubwa: maganda ya risasi zake yalipaswa kupakwa nta ili yatoke vizuri kwenye chemba. Ya Garand, iliyoendeshwa kwa gesi ya baruti, haikuhitaji nta, na mwanzoni mwa 1932 bodi ya jeshi ikaipendekeza ikiwa na risasi ya milimita 7.

Hata hivyo, mkuu wa majeshi ya nchi kavu, Jenerali Douglas MacArthur, aliikataa risasi hiyo. Maghala yalijaa risasi za milimita 7.62, na kuzibadilisha katika mdororo wa uchumi kungegharimu fedha nyingi. Bahati nzuri Garand alikuwa ameshaanza kutengeneza bunduki ya kipenyo hicho, ingawa bolti yake ilivunjika katika majaribio ya 1931. Aliirekebisha, na Januari 1936 ikapitishwa kwa jina la M1, ikibeba risasi 8 badala ya 10 za ile ya milimita 7.

Hivyo majaribio yalichagua mtambo, lakini hazina ya risasi ndiyo iliyoamua kipenyo. M1 ilitumika kote katika Vita vya Pili vya Dunia. Risasi nyembamba ilisubiri hadi miaka ya 1960, jeshi la Marekani lilipoanza kutumia bunduki ya M16 ya milimita 5.56.