Mshipa Unaokataa Kubaki Wazi

Septemba 16, 1977, katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Zurich, Uswisi, daktari Mjerumani Andreas Grüntzig aliingiza mpira mwembamba kwenye mshipa wa paja la mgonjwa aliyekuwa macho, akausukuma mpaka moyoni, kisha akakijaza kijiputo kilichokuwa karibu na ncha yake. Mafuta yaliyoziba mshipa wa moyo yakakandamizwa ukutani na damu ikapita. Daktari na mgonjwa wote walikuwa na umri wa miaka 38. Vijiputo vya majaribio Grüntzig alikuwa amevitengeneza jikoni kwake.

Ujasiri wake umesifiwa sana. Mimi namheshimu zaidi kwa kuwafuatilia wagonjwa wake baada ya makofi kuisha. Kati ya wagonjwa 169 wa Zurich, mishipa ya 133 ilizibuka vizuri, lakini ndani ya miezi sita mishipa ya takriban asilimia 30 ya hao ilikuwa imesinyaa tena. Taarifa ya ufuatiliaji huo wa miaka mingi ilichapishwa 1987, yeye akiwa ameshafariki kwa ajali ya ndege miaka miwili kabla.

Kwa nini usinyae? Puto haliondoi mafuta, huyapasua na kuyasukuma pembeni, na ukuta wa mshipa ni nyama hai. Kwanza hunywea, pengine ndani ya saa chache tu. Halafu jeraha lililoachwa na puto huanza kupona kwa pupa: seli za misuli ya ukuta huzaliana na kujaa kwa ndani, kama kovu linalotuna juu ya ngozi. Miezi inavyopita, mshipa wenyewe nao hujikunja. Mtu aliyekwisha kurudi kazini anajikuta anabanwa tena kifua akipanda ngazi. Ndio maana, baada ya puto, miezi sita ya kwanza ndiyo iliyohofiwa.

Machi 1986, Jacques Puel wa Toulouse, Ufaransa, aliweka stenti, yaani kijibomba cha wavu wa chuma, ndani ya mshipa wa moyo wa binadamu. Ulrich Sigwart wa Lausanne akafuata mwaka huohuo. Chuma kilizuia mshipa kunywea, lakini damu huganda ikigusa chuma, na dawa kali walizopewa wagonjwa wa mwanzo kuzuia mgando ziliwafanya wengine wavuje damu. Utafiti wa BENESTENT wa 1994 ulionyesha usinyaaji kushuka kutoka asilimia 32 kwa puto peke yake hadi 22 kwa stenti. Yaani zaidi ya mmoja kati ya watano bado mshipa wake ulisinyaa tena, kovu likipenya katikati ya wavu.

Dawa ya kovu ilitoka mbali. Mwaka 1964 watafiti walichukua udongo katika kisiwa cha Rapa Nui, bahari ya Pasifiki, na bakteria waliomo wakaja kutoa sirolimasi, dawa inayozuia seli kuzaliana. Desemba 1999, mjini São Paulo, Brazili, Eduardo Sousa aliweka stenti zilizopakwa dawa hiyo. Katika utafiti wa RAVEL wa 2002, baada ya miezi sita hakuna hata mgonjwa mmoja wa kundi la sirolimasi ambaye mshipa wake ulisinyaa tena. Kundi la chuma kitupu lilikuwa na zaidi ya robo.

Furaha hiyo ilitikiswa 2006, kwenye mkutano wa madaktari wa moyo mjini Barcelona. Dawa inayozuia kovu huchelewesha pia ukuta kukifunika chuma, na chuma kilichobaki wazi kinaweza kugandisha damu ghafla, hata baada ya mwaka. Tukio ni adimu, lakini huua. Leo stenti huwekwa hata Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na aliyewekewa asithubutu kuacha vidonge vya kuzuia damu kuganda bila idhini ya daktari kwa sababu tu kifua kimetulia.

Stenti za sasa ni nyembamba na salama zaidi. Hata hivyo, baada ya mwaka wa kwanza, takriban wagonjwa wawili kati ya kila 100 hupata tatizo la stenti kila mwaka, na kwa kila aina ya stenti iliyopimwa, idadi hiyo haijapungua kadiri miaka inavyosonga.