Sumu ya panya huweza kumuua paka asiyeigusa

Paka au mbwa anaweza kudhuriwa na sumu ya panya bila kugusa chambo chenyewe. Hutosha amle panya aliyekila.

Sumu nyingi za panya huzuia damu isigande. Warfarini, iliyoanza kutumiwa kuulia panya mwishoni mwa miaka ya 1940, huhitaji kuliwa mara kadhaa. Panya walipoizoea, zilibuniwa sumu kali zaidi, zikiwemo brodifakumu na bromadioloni, ambazo mlo mmoja waweza kuua. Hata hivyo panya hafi papo hapo. Huishi siku kadhaa akiendelea kula chambo, huku nguvu zikimwishia na kumfanya awe windo rahisi. Brodifakumu hukaa katika ini kwa miezi, hivyo paka alaye panya mara kwa mara huilimbikiza mwilini.

Dalili huonekana kwa kawaida baada ya siku 3 hadi 5: unyonge, ufizi kupauka, kuhema kwa shida, au damu puani na katika kinyesi. Mwenye mnyama asizisubiri. Ampeleke mapema kwa daktari wa mifugo, pamoja na pakiti ya sumu, kwani vitamini K1, inayotolewa kwa wiki kadhaa, hutibu sumu za kundi hili tu. Fosfidi ya zinki, kwa mfano, hutoa gesi ya sumu tumboni na haina dawa mahususi ya kuizima.

Chambo kiwekwe katika kisanduku kinachofungwa, na mizoga iokotwe kila siku. Penye paka mwindaji, mtego ni salama zaidi.