Ua wa Port Bell: Tumbili, Mbung'o na Binadamu

Katika Kiswahili neno ua lina maana mbili zinazokaribiana: uzio unaoizunguka nyumba, na eneo lililomo ndani ya uzio huo. Waganda huvitenga vitu hivi viwili; olukomera ni uzio, na oluggya ni uwanja wa mbele ya nyumba. Katika makala haya tunakusudia kuangalia kwa ufupi historia ya ua huko Port Bell, mahali ambapo swali la nani azuiwe nje limewahi kupata jibu la ajabu.

Siku hizi anayezuiwa ni tumbili. Mkazi wa Port Bell na Luzira mwenye mahindi au mipapai nyuma ya nyumba anamjua vizuri. Wanafunzi wetu Waganda humwita kima, kwa kuathiriwa na neno lao enkima. Tunawasahihisha, kwani kima wa Kiswahili ni mnyama mwingine, ijapokuwa maneno yenyewe ni ndugu. Ua wa michongoma humzuia mbuzi na pengine mwizi. Tumbili hupita juu, kwenye matawi ya mfenesi.

Binadamu si mgeni ufukoni hapo. Mwaka 1929 vilichimbuliwa Luzira, katika eneo la gereza, vinyago vya udongo vya kale ambavyo sasa vimo katika British Museum huko London. Lakini mwaka 1901 madaktari wa Mengo walitambua ugonjwa wa malale, na mwaka 1903 ikathibitika kwamba mbung'o ndiye anayeueneza. Inakadiriwa kuwa zaidi ya watu 200,000 walikufa kando ya ziwa na visiwani katika miaka ile.

Hesketh Bell, aliyefika mwaka 1906 kuiongoza Uganda na ambaye bandari ilipewa jina lake, aliamua kwamba kama mbung'o haondoleki, basi aondolewe binadamu. Wakazi wa ufukoni walihamishwa umbali wa maili 2 hivi kutoka majini, na baadaye watu wa visiwa vya Ssese nao wakahamishwa. Penye bandari vichaka vilifyekwa ili mbung'o akose kivuli, na meli zikaendelea kutia nanga. Kwingineko migomba iliachwa bila mwenyewe, na msitu ukaimeza. Kwa maneno mengine, ua uliwekwa, ila waliokuwa nje yake ni wenye mashamba. Hatukatai kwamba hatua hiyo iliokoa maisha. Tunachosema ni kwamba aliyehamishwa hakuulizwa.

Watu wa Ssese walianza kurudi mwaka 1920. Anayerudi kwenye shamba lililogeuka msitu hulianza upya, na wanyama wameshalizoea. Serikali iliunda Idara ya Wanyamapori mwaka 1925, kazi yake kubwa ya mwanzo ikiwa kuwazuia tembo wasiharibu mashamba. Tumbili hakupewa uzito huo. Mwenye bustani aliachiwa mbwa wake na kelele zake. Hata baada ya Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda kuundwa mwaka 1996, tumbili, nyani na nguruwe mwitu walihesabiwa kuwa waharibifu tu, na shughuli yao ikasukumiwa wilayani.

Hivyo mbinu zinazofaa ni zile za nyumbani. Sisi tulijaribu sanamu ya mtu iliyovishwa koti kuukuu, na siku ya tatu tumbili alikuwa amekaa begani mwake. Kilichosaidia zaidi ni kuyakata matawi yanayoning'inia juu ya ua, kulifunika pipa la taka, kuyachuma mapapai kabla hayajaiva, na kumweka mtu shambani asubuhi mapema na jioni. Jumapili ndiyo ngumu. Watu wote wanapokuwa kanisani ua hubaki kimya, na tumbili wa Port Bell, kwa tulivyoona sisi, wanaijua Jumapili.