Kutoka Karatasi ya Manila hadi Slaidi za Akili Unde

Mwaka 1964 kituo cha utafiti cha Kitale kilitoa mahindi chotara ya H611, yaliyotokana na mbegu ya Kitale iliyopandanishwa na nyingine ya Ecuador. Kampuni ya Kenya Seed, iliyoanzishwa mjini humo mwaka 1956, iliyazalisha na kuyauza, na maafisa wa kilimo wakayanadi kwenye mabaraza na mashamba ya maonyesho. Somo lilikuwa moja kwa wote: panda mapema, fuata mistari, tia mbolea, palilia kwa wakati. Lilitungwa ofisini likapelekwa kijijini likiwa limekamilika, na kwa kuwa lilihusu mbegu moja, lilifanya kazi vizuri sana.

Mbinu hiyo ilipwaya pale shida zilipotofautiana kati ya shamba na shamba. Ndipo mwaka 1999 mradi wa mashamba darasa, yaliyobuniwa Indonesia miaka kumi kabla kwa ajili ya mpunga, ukaanza Bungoma, Busia na Kakamega. Wanakikundi walikutana kila wiki, wakaingia shambani kwa makundi madogo, wakapima urefu wa mimea na kuhesabu wadudu. Kisha waliketi na karatasi ya manila na kalamu za rangi: mmea katikati, wadudu waharibifu upande mmoja, wadudu marafiki upande wa pili, hali ya hewa juu. Mmoja wao alisimama kuueleza mchoro huo huku wenzake wakimhoji, na mwishoni wakaamua pamoja la kufanya wiki hiyo. Manufaa makubwa yalikuwa katika kuchora kwenyewe, kwa maana huwezi kumchora mdudu ambaye hukumtazama.

Leo akili unde hutoa slaidi ishirini kutokana na agizo la mstari mmoja, na huzirekebisha papo hapo. Wanaoisifu wana hoja nzito: maafisa ni wachache, wakulima ni wengi, na saa zinazopotea kupanga herufi na picha zingetumika vijijini. Tena mashamba darasa yalidai muda na fedha, hivyo yaliwafikia wachache. Yote hayo ni kweli. Lakini mwaka 1964 umeshatuonyesha kwamba somo lililokamilika hufaa pale tu jibu linapojulikana tayari. Viwavijeshi vamizi walipogunduliwa magharibi mwa Kenya mwaka 2017, hakuna chati ya zamani ya mahindi ya Kenya iliyokuwa na picha yao. Programu inayojifunza kutokana na maandishi ya jana ingemchora bungua wa mabua aliyezoeleka kwa ustadi mkubwa, na mkulima angeondoka akiwa na jina lisilo la adui yake.

Kwa hiyo suala si kuikataa mashine wala kuililia manila. Suala ni mpangilio wa kazi. Kikundi kitangulie shambani, kihesabu, kipige picha, kibishane. Kisha akili unde ipange matokeo hayo, iyatafsiri kwa Kibukusu au Kiswahili, na iyapeleke kwa vikundi vingine ambavyo afisa hangevifikia. Slaidi zikianzia kwenye hesabu za wakulima wenyewe, kasi ya mashine itaondoa ule uchache uliokuwa udhaifu wa mashamba darasa. Zikianzia kwenye agizo la ofisini, tutakuwa tumerudia mbinu ya 1964 bila mbegu mpya ya kuihalalisha.