"Maliza Dozi": Neno Hili Lilianzia Wapi?



Bibi harusi amebakisha wiki moja. Amenyoa miguu, wembe umemchuna, na siku ya pili mguu umevimba, una moto, hata singo haipakiki. Shangazi anafungua mkoba: "Kunywa hivi mwanangu, vilibaki vyangu vya mwaka jana." Nani kati yetu hajayaona haya? Basi leo tuangalie historia ya vidonge hivyo, na kwa nini daktari mmoja huandika siku tano na mwingine siku kumi.

Penisilini iligunduliwa na Alexander Fleming mjini London mwaka 1928, lakini walioigeuza kuwa dawa ya kutibu watu ni kundi la Howard Florey huko Oxford. Ilikuwa wakati wa vita na vifaa ni haba. Ukungu wa kutolea dawa uliotesha katika vyombo vilivyofanana na vile vya wagonjwa kujisaidia kitandani, na wasichana sita waliajiriwa kuutunza.

Tarehe 12 Februari 1941 wakaanza kumtibu polisi mmoja, Albert Alexander. Maambukizi ya usoni yalikuwa yamesambaa mpaka jicho moja limeondolewa. Alipopigwa sindano za penisilini homa ilishuka, akaanza kula. Dawa ilikuwa chache kiasi kwamba walikusanya mkojo wake, wakaitoa penisilini humo na kumpa tena. Siku ya tano ikaisha kabisa. Ugonjwa ukarudi, na tarehe 15 Machi akafariki.

Mwaka 1945, Fleming alipopokea Tuzo ya Nobel, alitoa onyo kwa mfano wa kubuni: mume anajinunulia penisilini, anakunywa kidogo isiyotosha, vijidudu vinazoea dawa, kisha vinamwambukiza mkewe. Dawa haimsaidii tena mke, naye anakufa. Angalieni, Fleming alizungumzia kiasi kidogo cha dawa. Hakusema ni siku ngapi.

Kwa hofu kama hizo, "maliza dozi" likawa neno la kila hospitali. Lakini siku 7, 10 au 14 zilitoka wapi? Kwa sehemu kubwa ni mazoea ya kuhesabu kwa wiki. Kwa muda mrefu wachache walipima.

Walipopima, mambo yalibadilika. Mwaka 2004 madaktari wa jeshi la Marekani walichapisha utafiti wa wagonjwa 87 wenye selulaitisi ya kawaida, yaani maambukizi ya bakteria ndani ya ngozi kama ya yule bibi harusi. Waliokuwa wakipata nafuu waligawanywa: wengine wakaishia siku 5, wengine wakaendelea hadi 10. Makundi yote mawili yalipona kwa asilimia 98. Mwaka 2013 utafiti wa watu wazima 667 ulionyesha kuwa vidonge vya tedizolid kwa siku 6 havikuzidiwa na vya linezolid kwa siku 10. Mwaka 2014 mwongozo wa wataalamu wa maambukizi wa Marekani ukapendekeza siku 5 kwa selulaitisi, na kuongeza kama hakuna nafuu.

Si kila mgonjwa lakini. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2020, kwa waliolazwa hospitali, uliona waliotibiwa siku 6 wakirudiwa na ugonjwa zaidi ya wale wa siku 12.

Faida ya siku chache ni nini? Kila siku ya ziada ya antibayotiki huua pia bakteria wazuri wa mwilini, na huwapa wabaya nafasi ya kuizoea dawa.

Basi shoga yangu, dozi yako ni ile aliyokuandikia daktari baada ya kukuona. Akisema siku tano, usiogope kwamba amekupunja. Ukiona nafuu mapema, muulize yeye kabla ya kuacha. Vilivyobaki mkobani mwa shangazi si dozi ya mtu. Na kumbuka, kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu haujitokezi sana. Tazama joto, uvimbe na maumivu. Homa ikipanda au uvimbe ukisambaa, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Singo itasubiri.

Allah awape shifaa wagonjwa wetu na awafikishe mabibi harusi wetu salama. Amin.