Ishara za watazamaji zinavyowaponza chipukizi wa softiboli

KATIKA eneo la milima kama Mbooni, kaunti ya Makueni, mzazi hahitaji jukwaa ili kutazama mechi ya watoto. Akipata mahali palipoinuka kando ya uwanja, huona hata yale ambayo mchezaji hayaoni. Katika softiboli, nafasi hiyo huja na kishawishi: kumpa mwanawe ishara ya siri kuhusu mpira unaokuja.

Softiboli ilianzia Chicago, Marekani, mwaka wa 1887. Kila timu huwa na wachezaji 9 uwanjani, na mechi kamili ina vipindi 7. Mrushaji hurusha mpira kwa kuupitisha mkono chini ya kiuno. Mpigaji huukabili kwa gongo, kisha hukimbia kupitia vituo. Anayekumbuka raunda ya shule ya msingi hatauona mchezo huu kuwa mgeni kabisa.

Kabla ya kila mpira, mdakaji aliyechuchumaa nyuma ya mpigaji humwonyesha mrushaji vidole katikati ya mapaja yake. Kidole kimoja chaweza kumaanisha mpira wa kasi, viwili mpira wa polepole. Kisha huitega glavu mahali anapotaka mpira ufike. Kupaza sauti hakungefaa: shule mbili za Mbooni zinapokutana, maagizo ya Kikamba yangeeleweka pande zote mbili.

Mpigaji, ambaye macho yake humwelekea mrushaji, haoni vidole hivyo. Katika mechi za wanawake za kiwango cha juu, mrushaji husimama takriban mita 13 kutoka kwake, na mpira waweza kufika chini ya nusu sekunde. Anayejua mapema aina ya mpira ana faida kubwa. Ndiposa mtazamaji anayekohoa, kupiga mluzi au kugusa kofia kwa mpango hashangilii tena, bali anacheza.

Miongoni mwa watu wazima, mchezaji anayezifumbua ishara za wapinzani kwa macho yake mwenyewe uwanjani aghalabu huhesabiwa kuwa mwerevu. Kinachokatazwa ni msaada wa mitambo. Klabu ya besiboli ya Houston Astros ilitumia kamera mwaka wa 2017 kunasa ishara, kisha wapigaji wakafahamishwa kwa kugongwa pipa la taka. Januari 2020 klabu hiyo ilitozwa faini ya dola milioni 5, na meneja wa timu pamoja na meneja mkuu wakasimamishwa kazi mwaka mmoja. Wachezaji hawakuadhibiwa.

Kwa watoto mambo ni kinyume. Kanuni za Little League, shirika la Marekani linaloandaa besiboli na softiboli ya vijana, zinahesabu kunasa ishara na kumpasha mpigaji kuwa utovu wa uanamichezo. Mwamuzi akiridhika kwamba jambo hilo linatendeka, anaweza kuwatoa mchezoni mchezaji na meneja wake. Kanuni za shirika hilo si ngeni Afrika Mashariki: mwaka wa 2012, watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali zake za dunia za besiboli.

Hivyo, mtoto anaweza kulipia kosa lililoanzia kwa mzazi ukingoni. Hata asipotolewa, hujifunza kumtazama mama au baba badala ya mpira, na siku mzazi asipofika huwa hana la kutegemea.

Tiba si ngumu. Walimu wanaweza kuwatenga watazamaji na eneo lililo nyuma ya mdakaji na lile linalomkabili. Mdakaji afundishwe kuficha vidole kwa glavu na magoti, na timu ibadilishe ishara zake kila kipindi. Mwamuzi akishuku, asimamishe mchezo na kuzungumza na makocha wote wawili kabla ya kumwadhibu mtoto.

Kwenye drafti, anayechungulia na kumnong'onezea mchezaji hufukuzwa bila kuulizwa. Watoto wa softiboli wanastahili ulinzi uo huo: washangiliwe kwa sauti, lakini waachiwe mchezo wao.